Dari Ipo, Sakafu Hakuna: Msimu wa Raga wa 2025 Uingereza

Ukitaja Mashetani Wekundu mbele ya shabiki wa soka, awe wa Kigoma au wa Kisumu, atakujibu Manchester United kabla hujafunga mdomo. Wachache wanajua kwamba jina hilo liliazimwa kwa jirani. Mwaka 1934 klabu ya raga ya Salford, mji unaopakana na uwanja wa Old Trafford, ilifanya ziara Ufaransa, na waandishi wa huko walipoona ile mijamaa yenye jezi nyekundu inavyowasaga wapinzani wakaiita mashetani. Miongo mitatu baadaye kocha Matt Busby akalipenda jina, akalihamishia kwenye soka. Salford wenyewe hawakuliacha, wanalo mpaka leo.

Nililikumbuka jina hilo Oktoba 11, 2025. Siku hiyo Old Trafford ilibadilishwa, kama inavyobadilishwa karibu kila Oktoba tangu 1998, ikawa uwanja wa fainali ya Super League, ligi ya juu ya raga ya wachezaji 13 Uingereza. Hull KR waliwafunga Wigan 24-6 na kukamilisha makombe matatu ya nyumbani kwa msimu mmoja. Wenye jina, ambao nyumba yao ya mechi iko umbali wa mwendo mfupi wa gari kutoka pale, walikuwa wamemaliza mkiani. Wachezaji wao wengi walikuwa wameshatawanyika, na Desemba mahakama ikaamuru kampuni iliyokuwa ikiendesha klabu ifilisiwe kwa sababu ya madeni.

Hao wawili, bingwa na mfilisika, walicheza ligi moja, kwa kanuni moja ya fedha. Waandishi wengi wa Uingereza walifunga mwaka kwa kuandika hadithi ya Hull KR, na ni hadithi tamu kweli, nitaifikia. Ila mimi nadhani msimu huo huwezi kuuelewa ukimtazama bingwa peke yake.

Kwanza niondoe utata. Nilipohamia Yorkshire kusoma nilijidai naijua raga. Nimekulia Nairobi, wikendi zangu nyingi zimeishia kwenye majukwaa ya Ngong Road nikiangalia raga ya wachezaji saba. Mzee aliyenipangisha chumba, mchimba makaa mstaafu, alinisikiliza nikimwaga ujuzi wangu kuhusu skramu, kisha akaenda jikoni akarudi na mkate mzima ndani ya mfuko wake. Akajilaza kwenye zulia, mkate kifuani. "Umeangushwa," akasema. Akainuka polepole, magoti yakilia, akauweka mkate chini mbele yake, akaukanyaga juujuu na kuuviringisha nyuma kwa unyayo. "Hiyo moja. Unazo sita." Jioni ile tulikula tosti zilizobanwa kama chapati, lakini mchezo nilikuwa nimeuelewa.

Ndivyo ulivyo. Hakuna rundo la watu wanaogombea mpira chini. Ukikabwa unainuka, unauviringisha mpira nyuma kwa mguu, mwenzako anauchukua, safari inaendelea. Ukikabwa mara sita mpira ni wa wapinzani, ndiyo maana mara ya tano ikishapita timu nyingi hupiga mguu. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, mkwaju wa nyongeza 2. Kwa sababu hakuna pa kujificha, mchezo unakwenda mbio na mbavu zinaumia. Na unachezwa hasa katika ukanda mmoja mwembamba wa kaskazini mwa Uingereza, kutoka Hull mashariki, kupita Wakefield, Leeds na Huddersfield, hadi Wigan na St Helens magharibi. Miji ya makaa, bandari, viwanda vya nguo na vioo.

Jiografia hiyo imetokana na mshahara. Agosti 29, 1895, viongozi wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield na kujitoa kwenye chama cha raga cha Uingereza. Kilichowagombanisha ni Jumamosi. Mchimba makaa aliyekwenda kucheza Jumamosi alikosa ujira wa siku, na klabu zake zilitaka zimfidie. Mabwana wa kusini, wengi wao wakiwa na mali za kurithi, walikataa: raga ni ya ridhaa, asiyeweza kumudu asicheze. Klabu 22 zikaanza maisha yao. Fidia ikaruhusiwa, lakini isizidi shilingi 6 kwa siku. Sheria nyingine, ikiwemo kupunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 mwaka 1906, zilikuja baadaye.

Tazama ile shilingi 6. Dari ya mishahara ni kongwe kama mchezo wenyewe. Walioasi ili wachezaji walipwe ndio haohao walioweka kikomo cha malipo.

Dari ya leo ni pauni milioni 2.1 kwa mwaka kwa kikosi kizima, kukiwa na nafuu maalumu kwa nyota wachache ambao hesabu yao haiingizwi yote. Kwa nyota wa juu kabisa wa soka Uingereza, kiasi hicho ni mshahara wa wiki chache. Sababu inayotolewa ni usawa: klabu tajiri isizoe wachezaji wote, na klabu maskini isijiue kwa kujaribu kushindana nayo. Usawa huo umeleta nini? Kuanzia fainali ya kwanza ya 1998 mpaka ya 2024, fainali 27, ubingwa ulizunguka kwa klabu nne tu: Wigan, St Helens, Leeds na Bradford. Hull KR ndio wa tano. Ligi yenye dari ikatoa mabingwa wapya kwa uchoyo kuliko ligi nyingi zisizo na dari.

Haishangazi. Dari inazuia kutumia zaidi ya kiasi fulani kwenye mishahara. Haimpi mtu fedha za kuifikia dari hiyo. Haigusi akademi, uwanja wa mazoezi, madaktari, wala ukubwa wa mji na idadi ya watoto wanaozaliwa wakiota jezi ya klabu. Wigan hawawanunui watoto wao, wanawavuna. Klabu mbili zikitumia pauni milioni 2.1 zilezile, moja ina mizizi ya miaka mia na nyingine inasubiri fungu la televisheni ili ilipe umeme.

Na chini? Hakuna kitu. Hakuna kanuni iliyozuia klabu kuanza msimu ikijua haina fedha ya kumaliza. Hapo ndipo Salford walipoanguka.

Mwaka 2024 Salford walimaliza nafasi ya nne. Ya nne! Kikosi cha bei ya kawaida chini ya kocha Paul Rowley kikicheza mpira wa kufurahisha macho. Mwaka 2019 walikuwa wamefika fainali ya ligi, na 2020 fainali ya Kombe la Challenge, wakashindwa na Leeds kwa pointi moja. Hii haikuwa klabu ya kubahatisha uwanjani. Lakini mwishoni mwa 2024 waliomba kwa wakuu wa ligi watangulizwe pauni 500,000 za mgao wao wa 2025. Mtu anayeomba mshahara wa mwezi ujao mwezi huu haujaisha, unajua kwake pakoje. Wasimamizi wakawawekea kikomo chao peke yao, pauni milioni 1.2, mpaka ushahidi wa mwekezaji mpya uonekane. Februari kundi la wawekezaji likatangazwa kuinunua klabu, watu wakashangilia. Kikomo lakini kilikuwa bado kipo siku ya mechi ya kwanza, Februari 15, ugenini St Helens. Salford wakapeleka vijana wa akiba na wa akademi. Matokeo: 82-0.

Wapo waliosema Salford walifanya makusudi kutoa ujumbe. Inawezekana. Ila jaribu kuwa kijana wa miaka 18 au 19, mechi yako ya kwanza ya Super League, familia yako imekuja kukuona, na kila dakika tano hivi mnajipanga tena nyuma ya milingoti mkisubiri mtu apige mkwaju wa nyongeza. Ujumbe ulikuwa wa watu wazima, mapigo wakala watoto.

Wiki mbili baadaye, Machi 1, ligi hiyohiyo ilikuwa Las Vegas. Wigan waliwachapa Warrington 48-24 ndani ya uwanja wa Allegiant, mechi ya kwanza ya Super League kuchezwa Marekani, taa na fataki na hotuba za kupanua mchezo. Sipingi safari ya Vegas, biashara inahitaji matangazo. Nilichokiona ni nyumba inayopaka rangi baraza huku nguzo ya uani inaliwa na mchwa.

Fedha za wawekezaji wapya zilikuja kwa matone au hazikuja. Mishahara ikachelewa mara baada ya mara. Nahodha Kallum Watkins akarudi Leeds alikoanzia, wengine wakafuata njia hiyo ya kutokea. Mashabiki wakaandamana. Agosti mambo yakafika mahali ambapo mechi ya ugenini dhidi ya Wakefield haikuchezwa kabisa, kwa kuwa Salford hawakuwa na wachezaji wa kutosha, na Wakefield wakapewa ushindi wa mezani wa 48-0. Wakefield ni mojawapo ya zile klabu 22 za 1895. Mwezi uleule wa Agosti, miaka 130 baada ya kikao cha George, mwasisi wa ligi iliyozaliwa kwa ajili ya ujira alikaa na uwanja wake mtupu akimsubiri mgeni ambaye mishahara yake ilikuwa shida.

Sasa twende mashariki, Hull.

Hull ni mji wa bandari uliogawanywa na mto Hull katikati. Magharibi ni Hull FC, jezi nyeusi na nyeupe, watu wa meli za uvuvi. Mashariki ni Hull KR, nyekundu na nyeupe, watu wa gati. Mwaka 1980 timu zote mbili zilifika fainali ya Kombe la Challenge Wembley, na mtu akaweka bango barabarani wakati mji unahamia London: wa mwisho kutoka azime taa. KR walishinda 10-5. Ubingwa wao wa mwisho wa ligi ukawa 1985. Kisha ukame wa miaka 40.

Na ukame huo ulikuwa na siku yake mbaya kuliko zote: Oktoba 1, 2016, kwenye uwanja wao wenyewe wa Craven Park, mechi ya mwisho ya kuamua nani abaki Super League, iliyojulikana kama Mechi ya Pauni Milioni. KR waliongoza 18-10 dakika zikiwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Wapinzani wakapata trai mbili, ikawa 18-18. Muda wa nyongeza, Gareth O'Brien akadondosha mpira mguuni kutoka mbali, karibu nusu ya uwanja, ukapita kati ya milingoti. 19-18. KR wakashuka. Wapinzani hao walikuwa nani? Salford.

Miaka tisa baadaye aliyeshuka ni mfalme na aliyebaki hana kampuni. Ukitafuta tofauti kati yao uwanjani hutaipata kirahisi. Mwaka 2020, mwaka wa korona, KR walimaliza mkiani na hawakushushwa kwa sababu kushuka kulisitishwa. Hilo mashabiki wao hawapendi kukumbushwa. Walichokuwa nacho ni mtu wa kubeba hasara. Neil Hudgell, wakili wa palepale Hull, aliishikilia klabu tangu miaka ya 2000 katika misimu ambayo mfanyabiashara mwenye akili timamu angeondoka. Juu ya msingi huo yakajengwa mengine: kocha Willie Peters kutoka Australia aliyeanza msimu wa 2023, kijana wa nyumbani Mikey Lewis aliyekua mpaka akawa mchezaji bora wa ligi 2024, na uvumilivu wa kushindwa hatua kwa hatua. 2023 walipoteza fainali ya kombe kwa Leigh 17-16 muda wa nyongeza. 2024 walipoteza fainali ya ligi kwa Wigan 9-2. Klabu isiyo na uhakika wa mshahara wa mwezi ujao ingeuza nusu ya kikosi baada ya kipigo cha kwanza. Wao walirudi mazoezini.

Juni 7, 2025, Wembley, dhidi ya Warrington. Dakika zimebaki mbili, KR wako nyuma 6-2 na wamecheza vibaya mchana kutwa. Mpira unapigwa mguu kuelekea nyuma ya mstari, unadunda ovyo kama unavyojua mpira wa yai, mabeki wanaupapasa, Tom Davies anauangukia. 6-6. Nyongeza ni ya Lewis, kutoka pembeni, pembe mbaya. Hapo nilimtazama mzee wangu wa mkate, ambaye si shabiki wa Hull hata chembe. Alikuwa amesimama, mikono nyuma kama mtu aliye msibani. Mpira ukapita. 8-6, kombe la kwanza kubwa baada ya miaka 40, na mzee akakaa bila kusema neno.

Mchezaji bora wa fainali ile alikuwa upande wa walioshindwa, Marc Sneyd wa Warrington, wa kwanza katika historia kuipata tuzo ya Lance Todd mara tatu. Msimu uliotangulia alikuwa wapi? Salford.

Baadaye KR wakaongeza ngao ya kinara wa msimu wa kawaida, kisha fainali ya Old Trafford dhidi ya Wigan waliokuwa wamebeba kila kombe mwaka 2024. Jared Waerea-Hargreaves, pande la mtu kutoka New Zealand lililoletwa kwa msimu mmoja, likastaafu na medali shingoni. Sina neno juu ya uhalali wa ushindi ule. Walikuwa bora.

Watetezi wa mfumo watasema: usitulaumu, tumeshaweka madaraja. Ni kweli. Mwaka 2022 ligi iliingia mkataba wa miaka 12 na kampuni ya michezo ya IMG, na kushuka kwa pointi za uwanjani kukaondolewa. Badala yake kila klabu inapewa alama kati ya 20, kwa kuangalia mashabiki, fedha, uwanja, matokeo na ukubwa wa eneo lake. London Broncos walipanda kwa jasho mwishoni mwa 2023, wakaanza msimu wa 2024 wakijua tayari kwamba alama zao zitawashusha wafanye wafanyavyo. Ukali wa ajabu. Lakini mfumo huohuo uliokuwa na jicho la kuona uchache wa mashabiki London, Oktoba 2024 uliwapa Salford nafasi ya kucheza 2025, wiki chache tu kabla hawajaomba kutangulizwa zile pauni 500,000. Ulipima karatasi za mwaka jana. Kodi na mishahara hulipwa na fedha za mwaka huu.

Isitoshe, Salford si wa kwanza. Bradford, mabingwa mara nne kati ya 1997 na 2005, walifilisiwa Januari 2017. Toronto Wolfpack walimleta Sonny Bill Williams, bingwa wa dunia mara mbili na All Blacks, timu ya taifa ya raga ya New Zealand, kwa mbwembwe zote mwaka 2020, na kabla mwaka haujaisha wakajitoa ligi wakiwa na wachezaji wasiolipwa. Kila mara lawama humwendea mwenye klabu mmoja mmoja, kana kwamba wenye klabu wabaya huanguka kutoka mbinguni.

Mimi ningefanya jambo dogo lisilovutia kamera. Kabla ya Februari kila klabu iweke amana ya mishahara ya miezi mitatu mahali ambapo mwenye klabu hawezi kuigusa. Mshahara ukichelewa siku saba, ligi iwalipe wachezaji moja kwa moja kutoka kwenye amana hiyo, na klabu izuiwe kusajili mpaka irudishe. Asiyeweza kuweka amana aanze daraja la pili, kwa heshima, akiwa na wachezaji wake. Najua jibu: klabu tatu au nne zitashindwa, ligi itakosa timu. Basi ni heri tujue Januari kuliko kuja kujua Agosti Wakefield wameshafungua mageti.

Wakuu walichagua kwenda upande mwingine. Msimu wa 2026 ligi imetoka klabu 12 hadi 14. Bradford wamerudi, na wameingia York na Toulouse ya Ufaransa. Salford wanaanza upya daraja la pili chini ya kampuni mpya. Fungu la televisheni la Sky, ambalo miaka michache nyuma lilikuwa takribani pauni milioni 40 kwa mwaka, sasa ni takribani milioni 21.5, na mkataba wenyewe unaisha mwishoni mwa 2026. Kapu limepungua karibu nusu na wageni wawili zaidi wamekaribishwa mezani. Dari imebaki palepale, milioni 2.1.